Mkufunzi Aliyetunyima Nywila

Siku ya kwanza kumwona mama huyu, alikuwa amemkaba mhadhiri mmoja ukosi wa shati na kumbana ukutani, kwenye korido ya jengo la utawala. Mhadhiri alikuwa mrefu kumzidi, lakini alikuwa amesimama kwa ncha za viatu na miwani yake imeanguka sakafuni. Mimi nilikuwa nimetoka maktaba kupeleka maombi yangu ya likizo. Nikasimama pale pamoja na wengine waliokuwa wanapita, na hakuna aliyeingilia kati. Mama yule hakupaza sauti. Alimwuliza mhadhiri kama anajua alichofanya, naye akajibu kwamba alikuwa anasafisha ukurasa tu.

"Umemfuta mwenzako," akamwambia. "Mtu amefanya kazi miaka, wewe umemfuta kwa kidole kimoja, halafu unaita usafi."

Baadaye nikaelezwa kisa chenyewe. Mhadhiri yule alikuwa ameingia kwenye ukurasa wa idara yake na kuondoa jina la mwenzake kwenye utafiti walioufanya pamoja. Kufika jioni jina lilikuwa limerudi mahali pake, mhadhiri amepokonywa ruhusa ya kuhariri, na mama yule ameandikiwa barua ya onyo kwa kumshambulia mtumishi mwenzake. Haikuwa barua yake ya kwanza. Watu wa masjala walikuwa wakitania kwamba faili lake ni zito kuliko la chuo.

Chuoni kwetu, nje kidogo ya mji wa Dodoma, kila idara ina ukurasa wake kwenye tovuti, na kila ukurasa una mtu wa kuuhariri. Anaweza kuwa katibu muhtasi, mhadhiri kijana, au mtu wa maktaba kama mimi. Lakini huwezi kugusa hata nukta kabla hujapita mafunzo, na mafunzo yalikuwa ya mama huyu. Yeye ndiye aliyeamua mwishoni nani apewe nywila na nani arudi ofisini kwake mikono mitupu. Kwa hiyo tulimwita Mkufunzi, hata wale waliomzidi cheo. Jina lake nalijua, ila sikumbuki kama niliwahi kulitamka mbele yake.

Darasa lake lilikuwa chumba chenye nondo madirishani na feni moja iliyokuwa ikizunguka kwa kujilazimisha. Upepo wa Dodoma ulikuwa ukiingiza vumbi hadi kwenye vibonye vya kompyuta, naye alikuwa akilipangusa kwa upindo wa kitenge chake huku akiongea. Alikuwa na mikono mikubwa, mipana, ya mtu aliyelima. Alibonyeza herufi kana kwamba anazikomoa, na mtu wa stoo alikuwa akilalamika kwamba hakuna anayemaliza kibodi haraka kama yeye. Ukikosea, alikuwa anang'oa waya wa umeme wa kompyuta yako ukutani, kila ulichoandika kikapotea. Kisha anauchomeka tena na kukuambia uanze. Katibu muhtasi mmoja wa makamo aliwahi kulia darasani kwa sababu hiyo. Mkufunzi alimpa kona ya kitenge afute machozi, akangoja amalize, kisha akaung'oa waya tena, maana kosa lilikuwa bado pale.

Lugha yake ilikuwa ya buchani. Sentensi ndefu alituambia tuikate shingo. Kichwa cha habari kinachojisifu alisema tukichune ngozi tuone kama ndani kuna nyama. Hata kuku nyumbani kwake alikuwa akichinja mwenyewe, jambo lililosemwa sana na majirani, kwa sababu hakuwa na subira ya kumtafuta mwanamume wa kumchinjia. Ila juu ya watu alikuwa na neno moja alilolirudia hadi tukaanza kuliota. Ukiandika jina la mtu yeyote kwenye ukurasa, awe profesa au mfagizi, alikuja nyuma ya kiti chako akauliza, "Umempigia?" Ukisema jina umelitoa kwenye barua ya mkuu, anauliza tena vilevile. Ilibidi uchukue simu, upige, usikie sauti ya mwenye jina. "Usiniletee jina ambalo hujalisikia likiitika," ndivyo alivyokuwa akisema.

Mtihani wake wa mwisho ulisimuliwa kila mahali, na bado kila kundi lilinaswa. Siku hiyo alitugawia habari za kuweka kwenye tovuti ya mazoezi, ile isiyoonekana na watu wa nje. Kundi letu tulipewa tanzia. Mlinzi mzee wa geti la nyuma amefariki ghafla, idara ziweke salamu za rambirambi. Karibu nasi alikaa profesa mmoja mwenye haraka, aliyekuja mafunzoni kwa sababu hakumwamini msaidizi wake. Akaandika rambirambi nzuri sana, akaweka na picha, akachapisha. Mkufunzi alitoka nje, akarudi na mlinzi mwenyewe, kofia mkononi, akamsimamisha kando ya kiti cha profesa.

"Mzike basi," akamwambia.

Mlinzi alikuwa ameshazoea, maana alikuwa akifa kila muhula. Alimwamkia profesa kwa adabu na kuuliza kama arudi getini. Profesa alitoka kwa hasira, akaapa kumfikisha kwa makamu mkuu wa chuo, na nadhani alimfikisha kweli. Nywila hakupata.

Mimi nilifaulu kwa sababu nilimfahamu mlinzi yule. Tulikuwa tukisali kanisa moja kule mtaa wa Kikuyu, hapohapo Dodoma, na asubuhi hiyo nilikuwa nimepita getini akanipungia. Nilimweleza Mkufunzi hivyo, nikidhani atakasirika. Akasema kumfahamu mtu ni njia mojawapo ya kumpigia.

Ukimsikiliza mtu kama huyu unadhani hana anachoogopa. Aliogopa radi. Masika yanapoanza kwetu, mawingu yanakuja kutoka upande wa milimani na kupasuka bila onyo, na ngurumo ya kwanza tu ilimkuta tayari yuko chini ya meza yake, magoti kifuani, viganja masikioni. Hakuona haya. Aliendelea kufundisha akiwa humo humo chini, akitoa maelekezo kwa sauti iliyokuwa ikitetemeka, nasi tukiandika. Siku moja mhasibu kijana alicheka. Mvua ilipokatika alitoka chini ya meza, akajifuta magoti, akampiga kibao kimoja cha nguvu, kisha akaendelea pale alipokuwa ameishia. Mhasibu hakwenda kushitaki. Aliniambia baadaye kwamba kibao kilimwuma kidogo kuliko jinsi mama yule alivyokuwa akitetemeka.

Mambo ya nyumbani kwake hakuyaleta kazini, ila nyumba yake ilimfuata usoni. Mume wake alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, mtu wa utani mwingi barabarani na mkono mwepesi ndani. Asubuhi moja Mkufunzi aliingia darasani mdomo umepasuka na kuvimba, damu imekaukia kwenye ufizi. Sote tuliinamisha vichwa. Akatuambia, "Leo siwezi kusema sana, kwa hiyo sikilizeni vizuri," na akafundisha hadi saa ya chakula. Hali hiyo iliendelea kwa muda, mara shavu, mara mbavu, hadi Jumatatu moja alipokuja mzima kabisa, anatembea wima, na mchana tukasikia kwamba mume ndiye aliyelazwa. Alikuwa amempiga mchi. Alimpiga begani, akamwangukia tena alipojaribu kuinuka, na majirani waliomkuta wakasema alikuwa akimpiga kwa utaratibu, bila kusema neno, kama mtu anayemaliza kazi.

Mume hakuinua tena mkono, na wala hawakuachana. Miaka ya mwisho yule bwana alipooza upande mmoja. Mkufunzi alimwogesha, alimlisha uji wa uwele kwa kijiko, alimgeuza kitandani kabla ya kuja kazini na kurudi saa ya mapumziko kumgeuza tena. Alipofariki, mama huyu alilia hadi wanawake wenzake wakamshika asiangukie kaburini. Katibu muhtasi mmoja, aliyekuwa jasiri kuliko sisi, alimwuliza baadaye inakuwaje kumlilia hivyo mtu aliyempasua mdomo. Alijibu kwamba alimlilia aliyempiga na aliyemchekesha, na wote wawili walikuwa wamezikwa siku hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu wengi wa chuo wanamkumbuka kwalo, ingawa wanalisimulia vibaya.

Kulikuwa na mtumishi wa ofisi ya habari za wanafunzi, jina lake Festo. Kijana mchangamfu, mwepesi wa kuandika, anayependwa. Alikuwa ameshahudhuria mafunzo na kurudishwa, akarudia na kurudishwa tena, kwa sababu ileile: hakupiga simu. Alikuwa na imani kwamba kilichoandikwa na ofisi ni kweli. Mkuu wake wa kitengo alichoka kungoja idhini ya Mkufunzi. Akampa Festo nywila yake mwenyewe, akamwambia aendelee na kazi, ya kule chumba cha nondo atayamaliza yeye.

Wakati huo kompyuta mpakato za wanafunzi zilikuwa zikiibwa kwenye vyumba vya kupanga, mtaa ule ulio nyuma ya chuo. Watu walikuwa na hasira. Wengine walikuwa wamepoteza na kazi za mwaka mzima zilizokuwa ndani ya mashine hizo. Chuo kikamsimamisha masomo mwanafunzi mmoja aliyekamatwa na mbili kati ya hizo. Mkuu akamtaka Festo aweke habari hiyo kwenye tovuti upesi, watu waone chuo kinachukua hatua. Festo akaiandika vizuri. Akatafuta picha ya mwanafunzi kwa jina, akapata, akaiweka. Hakujua kwamba majina yale wanayo vijana wawili. Picha aliyoweka ilikuwa ya Elia, kijana wa mwaka wa pili aliyekuja kusoma kutoka vijiji vya Kondoa, ambaye hakuwa ameiba hata kalamu.

Asubuhi hiyo mimi nilikuwa ofisini kwa Mkufunzi na picha za rafu mpya za maktaba. Alikuwa na desturi ya kupitia kurasa zote kabla ya kazi nyingine. Alipofika kwenye habari ile aliniuliza kama naijua. Nikasema sijui. Akatafuta namba ya kijana kwenye kumbukumbu za wanafunzi, akakuta majina yale wanayo wawili, akampigia yule wa kwenye picha, akaweka sauti ya nje ili aendelee kuandika.

Simu ilipokelewa na mtu mwingine. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wengi, na mlio mzito uliokuwa ukijirudia, ambao kwa muda kidogo sikuuelewa. Kisha tukasikia mtu anaomba maji. Aliyeshika simu akasema, "Mwenyewe hawezi kuongea, tunamnyoosha kwanza," akakata.

Mkufunzi alibonyeza kibonye kimoja, habari ikatoka kwenye tovuti. Akabaki ameitazama nafasi ile tupu. Haikuwa na maana tena. Picha ilikuwa imeshahamia kwenye simu za watu, na kule haikuwa na mhariri. Akainuka, akavua viatu vyake vya kisigino, akanishika mkono. Kumbukumbu zilionyesha kijana amepanga mtaa ule wa nyuma ya chuo. Tulipanda pikipiki moja, sisi wawili nyuma ya dereva, na njia nzima alikuwa akimgonga dereva mgongoni kwa ngumi akimwambia kaza.

Elia alikuwa amekutwa bombani anafua. Tulipofika, beseni lilikuwa limepinduliwa na nguo zake zimekanyagwa kwenye matope. Watu walikuwa wengi, wanafunzi na wasio wanafunzi, na duara lilikuwa limebana sana hata hatukuweza kumwona. Tulichoona ni mikono iliyoinuliwa, na ndani ya mikono hiyo mbao, mawe, mnyororo wa pikipiki. Nilisikia harufu ya petroli. Mtu mmoja alipita kando yetu akiviringisha tairi, hana haraka, kama anayelipeleka kuzibwa pancha.

Mkufunzi aliingia kwa viwiko. Nilimfuata kwa kushika kitenge chake, kikanibakia mkononi, akaendelea na gauni. Nilipopata upenyo nilimwona ameanguka juu ya kijana, amemfunika kifua kwa kifua, kichwa cha Elia kimeingia chini ya kidevu chake. Uso wa yule kijana haukuwa tena wa kwenye picha. Sikio moja lilikuwa linaning'inia, na mguu ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

Akasema, kwa sauti ileile ya darasani, "Picha ile niliweka mimi. Mimi ndiye mhariri. Nimekosea mtu."

Walio karibu walisita. Mwanafunzi mmoja alishusha ubao, akawageukia wenzake kuwaeleza. Lakini walio nyuma hawakusikia, na waliosikia wengine walipata tu mtu mpya wa kumkasirikia. Mmoja akamwambia, "Basi toka hapo, mama." Akasema hatoki. Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni. Nilijaribu kumvuta, nikapigwa ubao begani, mkono wangu ukafa ganzi, nikaenda chini. Kutoka pale chini nilimwona amepiga magoti juu ya Elia na amegeuka kuwakabili. Sikuona uso wake. Niliuona mgongo, na viwiko vikipanda na kushuka, na watu wakimwangukia na kuondoka wakiwa wameshika walipoumia. Mtu alimpiga nondo, nikasikia mkono wake wa kushoto ukivunjika. Hakuacha kupigana kwa ule wa kulia. Alikuwa akiguna kwa kila pigo alilotoa, na miguno ile sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine yeyote.

Polisi walikuja na mabomu ya machozi. Duara lilipasuka, watu wakakimbilia vichochoroni, na tukabaki watatu kwenye matope, tunakohoa. Alikuwa bado amemkalia kijana. Askari walipotaka kumwinua, alimng'ata mmoja wao, akidhani ni wale wale.

Elia hakufa. Alikaa hospitali muda mrefu, akatoka akiwa hasikii sikio moja na anatembea kwa mkongojo, na wazazi wake wakamhamisha chuo. Mkufunzi alipoteza meno ya mbele na mkono wake haukunyooka tena vizuri.

Kikao kiliitishwa akiwa bado na mkono wa kushoto kwenye hogo, lile gamba jeupe la plasta wanalofungia mfupa. Niliitwa kama shahidi. Mkuu wa kitengo cha Festo alikuwa amejiandaa. Akasema ni jambo la kusikitisha, ila mtaa mzima umemsikia Mkufunzi akikiri kwamba aliyeweka picha ni yeye, na chuo hakiwezi kupuuza kauli ya watu wengi kiasi hicho. Wajumbe walitazamana. Niliona wazi kwamba baadhi yao walipenda iishe hivyo, maana yeye alikuwa tayari ana sifa ya ugomvi na faili nene.

Mkufunzi alisimama. Bila meno ya mbele maneno yake yalikuwa na upepo, kwa hiyo alisema polepole.

"Nilidanganya," akasema. "Niliwadanganya watu wenye mawe, na ningewadanganya tena. Ninyi hamna mawe, kwa hiyo nawaambia kweli. Huyu alimpa huyu nywila, na huyu hakupiga simu."

Mkuu akaanza kupanga karatasi zake. Festo, aliyekuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwake, alisema kwa sauti ndogo, bila nia mbaya nadhani, kwamba lilikuwa kosa la picha tu. Mkufunzi alizunguka meza. Wote tulidhani anatoka nje. Akauinua mkono wa hogo na kuushusha usoni mwa Festo, na kijana akaenda sakafuni na kiti chake, damu ikimtoka puani hadi kwenye tai. Hogo lilipasuka. Akapiga tena, kwa mkono uleule uliovunjika, na safari hii tulisikia maumivu yake mwenyewe kuliko ya Festo. Ilitubidi watu kadhaa tumwondoe.

Alisimamishwa kazi kwa miezi. Mkuu wa kitengo alihamishiwa ofisi nyingine, kimyakimya, na cheo chake. Nywila zote za chuo zilifutwa, zangu zikiwamo, na ikatangazwa kwamba kila mhariri atapita mafunzo upya. Hapo ndipo wakubwa walipogundua kwamba hawana mtu mwingine wa kuyatoa. Wakamrudisha.

Siku aliyorudi, benchi la mbele alikaa Festo. Pua yake ilikuwa imepinda kidogo na hadi leo imepinda. Tulingoja tuone nini kitatokea. Mkufunzi alimpa kazi kama alivyotupa sisi, akang'oa waya wake alipokosea, akaendelea. Darasa lilipoisha alimwambia abaki. Festo amenieleza mwenyewe yaliyofuata. Miezi yote hiyo Elia alikuwa bado wodini, na tangu siku hiyo Mkufunzi akawa anamchukua Festo mchana na kumpeleka hospitali. Hakumwambia aombe msamaha. Alimpa bakuli la mlenda na ugali, akamwambia amlishe, kisha akakaa mlangoni. Elia hakujua mwanzoni kijana huyu ni nani. Alipojua, alimtemea chakula usoni, na Mkufunzi akamwambia Festo ajifute na aendelee kulisha. Kesho yake wakarudi.

Alimfundisha kwa muda mrefu kuliko alivyopata kumfundisha mtu yeyote. Siku alipomwidhinisha hakusema maneno ya pongezi wala ya kuomba radhi kwa pua. Alimwandikia nywila, akampa mkono, akamwita mwingine. Festo sasa ndiye anayetoa mafunzo yale. Ananipigia maktaba kuuliza herufi za jina la mtoa mada, na nikishamjibu anaomba namba ya mtoa mada mwenyewe. Wahariri wapya wanamwogopa. Hajawahi kumpiga mtu.

Mara ya mwisho kumwona Mkufunzi ilikuwa Mpwapwa, mwaka huu. Alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao. Nilikwenda huko kwa kikao cha kazi, nikamwulizia kwenye stendi ya basi, na dereva wa bodaboda wa kwanza tu akanipeleka hadi uani kwake. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, chini ya mlima, na mbuzi wachache wamefungwa kivulini. Nilimwamkia, akaitikia na kunikumbatia kwa mkono mmoja, ule mwingine ukining'inia. Alikuwa amekonda. Meno ya bandia yalimfanya aonekane anatabasamu hata alipokuwa hatabasamu. Alitaka habari za chuo, na nilipomweleza juu ya Festo alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniongezea chai.

Tukiwa pale pikipiki iliingia uani na madumu ya maji. Aliyeiendesha alikuwa mwanamume wa makamo, jicho la kulia limezibika, kope zimeshikana juu ya shimo. Alisema shikamoo mama, naye akaitikia marahaba, akamwambia leo amechelewa. Yule bwana alimimina maji kwenye pipa, dumu baada ya dumu. Alikaribishwa chai, akakataa kwa heshima. Kisha alikaa juu ya pikipiki bila kuiwasha, akamtazama Mkufunzi kwa muda, na Mkufunzi naye akamtazama. Hatimaye akaondoka.

Nikauliza kama ni ndugu yake. Akasema hapana, ni mtu wa hapahapa Mpwapwa aliyekuwa akiendesha pikipiki Dodoma zamani. "Siku ile ya Elia," akasema, "yeye ndiye aliyeshika petroli."

Nikaweka kikombe chini. Akaendelea, taratibu, akitazama upande ilikoelekea pikipiki. Mimi nilikuwa nimemwona mgongo tu, alisema. Nisingeweza kuona. Mtu huyu alikuwa ameshammwagia Elia miguuni na ameinama amalizie. Hapo Mkufunzi alimkamata kichwa, akatafuta jicho kwa kidole gumba, akabonyeza hadi mwisho. Alijua anachofanya. Alisema hata alifurahi, na kwamba hilo halijamtoka.

Aliporudi Mpwapwa alimkuta anauza maji. Mtu yule hakumtambua, maana siku ile wote walikuwa damu na tope. Angeweza kununua maji na kunyamaza. Lakini alimwita akae, akamweleza kila kitu.

"Akasema nini?"

"Alikaa tu mpaka mbuzi wakaanza kulia njaa. Kisha akaniambia, mama, kiberiti kilikuwa mkono wangu mwingine. Nilikuwa nimeshatoa na kijiti. Akasema hajui kama anishukuru au aniue. Akaenda, akaacha madumu yake hapa. Baada ya siku kadhaa akaja na maji."

Nilimwuliza kama tangu hapo mtu yule ameamua. Akasema bado. Nikamwuliza kama haogopi kukaa peke yake na mlango ule mmoja.

"Naogopa," akasema. "Kila akipiga hodi naogopa."

Aliinuka, akalisogelea pipa, akatumbukiza kiganja kwenye maji kuona kama ni safi.

"Halafu namfungulia," akasema, na kulifunika.